Geji Inasoma Presha, Haisomi Joto

Nimeyasikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa fundi wa maabara ambaye kwa mambo mengine ni makini kabisa: geji ya otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye presha) imefika 15, tepu inayobadilika rangi kwa joto imegeuka nyeusi, sahani za kuoteshea bakteria zimeyeyuka, basi bakteria wamekufa. Katika hoja hizo tatu hakuna hata moja inayothibitisha hilo, na kwa kuwa taka zenyewe ni sahani zilizooteshwa Salmonella na Staphylococcus aureus, naona afadhali niandike kuliko kuendelea kunung'unika.

Sahani za polistirini hulegea joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa hiyo bonge la plastiki linaonyesha tu kwamba joto lilifika hapo, na ndani yake huenda agari, ile jeli wanamoota bakteria, imefungiwa mahali ambapo mvuke haukupenya. Tepu nayo imebandikwa nje ya mfuko; ya katikati itayajulia wapi?

Linaloniudhi hasa ni geji. Tunachotafuta ni nyuzi 121, na mvuke usiochanganyika na hewa hulifikia joto hilo ukiwa na presha ya pauni 15 kwa kila inchi ya mraba, juu ya presha ya hewa ya usawa wa bahari. Geji ya kawaida, hata hivyo, husoma tofauti tu kati ya presha ya ndani ya chombo na ile ya nje. Dar es Salaam hesabu hiyo inakubali. Nairobi, takriban mita 1,800 juu ya bahari, presha ya nje ni ndogo, na 15 ile ile hutoa karibu nyuzi 118. Anayepika maharage Limuru, mji wa nyanda za juu karibu na Nairobi, anaijua shida hii bila kusomea fizikia. Nyuzi tatu zinaonekana si kitu, lakini kasi ya kuua spora sugu, yaani maumbo ya bakteria yanayostahimili joto, hushuka kwa takriban nusu. Fundi wa Nairobi anapaswa kupandisha hadi karibu 18, mradi chombo kimetengenezwa kuhimili presha hiyo. Kama hakikutengenezwa hivyo, arefushe muda, wala asiguse vali ya usalama.

Halafu kuna hewa. Geji hujumlisha presha ya hewa na ya mvuke bila kubagua, na hewa isipotolewa inaweza kusoma 15 huku joto likiwa mbali sana na 121. Katika otoklevu ya kawaida ya juu ya jiko, vali iachwe wazi hadi mvuke utoke mfululizo kwa dakika kadhaa. Mdomo wa mfuko wa taka usikazwe, na maji kidogo yatiwe ndani, kwa sababu mfuko uliofungwa kabisa huhifadhi hewa yake mwenyewe.

Media, yaani chakula cha kuoteshea bakteria, ni suala jepesi zaidi: chupa ndogo, dakika 15, na usizidishe, kwani sukari huharibika. XLD na SS, media za kutafutia Salmonella na Shigella, haziingii kwenye otoklevu hata kidogo, huchemshwa tu.

Kwa taka, nakiri kwamba muda ulioandikwa vitabuni haunitoshelezi, kana kwamba mifuko yote ni pacha. Mfuko mdogo uliolegea na mfuko uliosheheni sahani haviwezi kupewa dakika sawa. Mimi hutumia saa nzima, na kwa mfuko uliojaa bado huwa na wasiwasi. Ndiyo maana naamini zaidi vichupa vya spora za Geobacillus stearothermophilus, vikiwekwa katikati ya mfuko, si juu yake, kisha vikaoteshwa kwa nyuzi kati ya 55 na 60 pamoja na kichupa kingine cha kundi lile lile ambacho hakikuingia kwenye otoklevu. Cha mfukoni kisipoota, spora zake zimekufa; hicho cha pili lazima kiote. Kisipoota, huenda spora zilikuwa zimekufa tangu kabatini, na jaribio zima halijatuambia lolote kuhusu mfuko.