Baa ndogo ya wapikaji wa nyumbani inaanzia kwenye mipira

Mteja anayepika bia mwenyewe ana pua kali. Akinusa siagi kwenye glasi atataka kujua kosa ni la aliyepika au la baa, na ukishindwa kumjibu, hatakuletea bia yake muionje. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na orodha ya vinywaji, shughulikia mipira inayotoa bia kwenye kegi, yaani mapipa ya bia yenye gesi.

Mabomba sita hadi manane yanatosha. Nunua kegi za lita 20 au 30, hasa kwa bia zinazouzwa polepole, kwa sababu bia yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) hupoteza harufu yake siku baada ya siku hata ikikaa kwenye baridi. Friji iwe karibu kabisa na mabomba. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4.8 hubeba takriban mililita 18 kwa mita, hivyo mita tatu zinakupotezea kiasi kidogo tu kila unaposafisha au kubadilisha bia.

Bia ikiwa kwenye nyuzi 3 hadi 4 za Selsiasi, shinikizo la PSI 12 hivi huifanya ibaki na gesi ya kutosha kwa eli nyingi, yaani bia zinazochachushwa kwenye joto la juu kidogo. Povu likizidi, wengi hukimbilia kupunguza gesi. Hilo huzidisha tatizo: shinikizo likishuka, gesi iliyoyeyuka huanza kujitenga na bia humo humo mpirani, povu linaongezeka, na baada ya siku chache kegi nzima imepooza. Pima kwanza joto la bia yenyewe ndani ya glasi, maana kipimo cha friji kinakuonyesha joto la hewa tu. Ikiwa glasi ya kwanza ndiyo yenye povu na zinazofuata ziko sawa, mnara wa bomba una joto. Upelekee hewa baridi kutoka kwenye friji kwa feni ndogo. Glasi zote zikitoka povu, chunguza kama mpira ni mfupi mno, kama raba ya kiungo imechanika, au kama kegi imetoka kubebwa na haijatulia.

Mipira husafishwa kila baada ya siku 14, hata kama bia haijabadilishwa. Sukuma bia kwa maji, kisha zungusha kwa pampu dawa ya alkali ya asilimia 2, yenye joto la nyuzi 27 hadi 43, kwa dakika 15. Kama huna pampu, iache ndani dakika 20. Suuza kwa maji baridi hadi pH (kiwango cha asidi au alkali) ya maji yanayotoka ilingane na ya yanayoingia. Halafu fungua bomba lenyewe, kila kipande, usugue kwa brashi: hapo ndipo bia na hewa vinakutana, na ndipo uchachu unapoanzia. Kila miezi mitatu tumia dawa ya asidi, kwa kuwa alkali haiondoi ukoko wa kalsiamu unaojijenga ndani ya mpira. Dawa hizo mbili zisichanganywe kamwe. Vaa miwani na glavu.

Sasa turudi kwenye ile siagi. Inaitwa diasetili, na ina vyanzo viwili: hamira ambayo haikumaliza kazi, au bakteria walioota kwenye mpira. Mimina glasi moja kwenye bomba la baa na nyingine moja kwa moja kutoka kwenye kegi, kwa kibomba cha mkono kilichosafishwa. Harufu ikiwa kwenye zote mbili, imetoka kwa mpikaji. Mshauri apandishe joto nyuzi 2 au 3 uchachushaji unapokaribia kuisha, na aiache bia na hamira yake siku 2 au 3 zaidi. Kuna kipimo ambacho ningependa kila mpikaji akijue: pasha sampuli iliyofunikwa ndani ya maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 20 au 30, ipoze, kisha inuse. Siagi ikijitokeza, bia bado haijawa tayari.

Bia ya nyumbani isipite kamwe kwenye mipira ya baa. Hamira mwitu kama Brettanomyces hushika kwenye plastiki na raba, na utalazimika kubadilisha vyote. Itolewe kwenye chupa au kwa kibomba cha mkono. Chupa zipoe wima usiku kucha, na muulize mpikaji kama kipimo cha haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki, kilitulia siku tatu mfululizo kabla ya kutia sukari ya kuleta gesi kwenye chupa. Gramu 6 hadi 7 kwa lita zinatosha. Ikiwa uchachushaji haukuisha, chupa inaweza kupasuka.

Uliza mamlaka iliyokupa leseni kabla ya kuionjesha hata bure, kwani sehemu nyingi haziruhusu bia ya nyumbani kuuzwa.

Katika kuonja, mililita 100 kwa mtu zinatosha, kuanzia bia nyepesi kwenda nzito. Kila mmoja aandike alichonusa na alichoonja kabla mpikaji hajataja mapishi yake. Akishataja ndizi, wote watainusa ndizi. Waombe waandike harufu pamoja na chanzo wanachokidhani: “mahindi ya kuchemsha, sufuria ilifunikwa” humsaidia mpikaji kuliko “tamu sana”.