Mpe malaika sharti: kuandika fantasia ya mahaba kwa vijana wa Tanga

Miswada ya fantasia ya mahaba huanguka zaidi mahali pamoja: malaika anaweza kila kitu. Anaruka atakapo, anaficha mbawa atakapo, na ya moyoni mwa binti anayajua kabla binti hajafungua mdomo. Kiumbe wa namna hiyo hana cha kupoteza, na msomaji hawezi kumhangaikia kwa kurasa mia mbili. Kwa hiyo kabla ya kumpa hata jina, mpe sharti. Matatu yanatosha, na yote yamuume katika maisha ya kawaida ya hapa: sokoni, barazani, ufukweni.

Sharti la kwanza msomaji wako anakuja nalo mwenyewe. Aliyepita madrasa anajua kuwa malaika wameumbwa kwa nuru, hawali wala hawana matamanio. Aliyelelewa kanisani ameshasikia Mathayo 22:30, kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi, bali huwa kama malaika. Ukimleta malaika anayependa bila kueleza, utakuwa umemgombanisha msomaji na imani yake kwenye sura ya kwanza. Njia ninazoziamini ni mbili. Ya kwanza ni kuacha malaika na kuandika ruhani au jini. Jini mahaba anajulikana pwani nzima, na anakuja na sharti lake tayari, maana ana wivu na huvunja posa. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kiumbe ambaye watu wa hadithi wanamwita malaika kwa sababu ya nuru yake, lakini mwenyewe hana hakika kama jina hilo ni lake. Majina kama Jibrili na Mikaili yaache yalipo. Usiyape mchumba.

Halafu kuna umri. Binti ana miaka 17, kiumbe ana miaka elfu. Hapo pana tatizo la kweli: aliyeishi miaka elfu akimpenda mtoto wa sekondari, hayo si mahaba tena. Mfanye awe ameumbwa juzi, au amelala tangu aumbwe, ili naye kila jambo alione kwa mara ya kwanza. Kisha mpeleke kwa bibi wa binti. Bibi kaketi kwenye mkeka, anachambua mchicha, anamwona kijana mgeni mlangoni, na anangoja shikamoo. Ataamkia? Akikaa kimya, bibi ameshamhukumu. Akiamkia, na baadaye ikajulikana kuwa ni mkubwa kuliko mji wenyewe, ile "marahaba" ya bibi itageuka na kumrudia. Tukio hili dogo linaonyesha ugeni wake kuliko aya tatu za macho yanayong'aa.

Sasa mbawa. Hapa waandishi wengi hukimbia hesabu, na hesabu ndiyo inayozaa matukio. Ndege aitwaye mwari mkubwa mweupe huweza kupita kilo 10, na mbawa zake zikikunjuliwa hukaribia meta tatu kutoka ncha hadi ncha. Kwa kadirio la kazi, chukua kilo 10 kwa kila meta mraba ya mbawa. Kijana wa kilo 60 atahitaji meta mraba sita. Ukizipa mbawa upana wa sentimita 80 kwa wastani, urefu wake wote unafika meta saba na nusu. Kichochoro cha meta mbili hakimruhusu hata kuzifungua nusu. Hawezi kuegemea kiti. Kanzu ya dukani haimkai mgongoni. Kuruka kutoka chini kunamtaka akimbie kwanza akiukabili upepo, kama mwari anavyokimbia juu ya maji, au ajitupe kutoka mahali pa juu. Msimu wa kusi upepo unatoka kusini, wa kaskazi unatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo mahali anapoweza kurukia Julai sipo atakaporukia Januari. Na masika yakishika, manyoya yakilowa, harukii popote. Wiki hizo za mvua ndizo za kuwaweka chini ya paa moja wakizungumza, na hukuhitaji kubuni sababu.

Dude la ulimwengu mwingine nalo lisianze kwa pembe saba. Chukua mnyama mmoja wa kweli, badilisha kitu kimoja tu. Tanga tuna silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Ana rangi ya buluu iliyoiva yenye mabaka meupe, huweza kukaribia urefu wa meta mbili, huzaa watoto hai, na mapezi yake ni kama vikono vinavyopishana, hili likienda lile linarudi, mithili ya mnyama anayetembea. Mchana hujificha kwenye mapango ya chini ya bahari. Sasa badilisha kimoja: linaweza kutoka majini. Basi, usiongeze. Ukitia na moto mdomoni, umeua yale mapezi, na mapezi ndiyo yanayotisha.

Sharti la dude lifunge kwenye maji. Tuseme hufika ufukweni siku za bamvua tu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani kila baada ya siku 14 au 15. Umepata ratiba ya kitabu kizima. Lakini chunga saa. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Mwandishi anayejaza bahari saa sita usiku chini ya mwezi mpevu kwa sababu panapendeza, mvuvi wa Deep Sea hapa Tanga atamfumania kwa sentensi moja. Saa kumi alfajiri inapendeza vilevile: mwezi umeelekea magharibi, upande wa nchi kavu, na adhana haijaanza.

Kuhusu urefu nitasema kwa ufupi. Maneno 60,000 yanatosha, sura 30 za maneno 2,000. Wakutane kabla sura ya pili haijaisha. Mikono isigusane kabla ya sura ya 12, na iwe kwa sababu ya jambo jingine: kamba ya mtumbwi, au ndoo ya maji.

Nimeiacha ngeli mwisho kwa kuwa ndiyo silaha ambayo Kiswahili kinatupa bure. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Sikiliza li- hiyo: zimwi lina uhai, linakula, na bado halipewi a-. Anza dude lako hivyo. Likatoka majini, likajinyanyua, likamtazama binti. Epuka neno "mnyama" mwanzoni, maana litakulazimisha kusema "akatoka" mapema. Endelea na li- kurasa zote za hofu, hata pale malaika anapolijeruhi. Kisha, kama theluthi mbili za kitabu zimepita, binti anashuka ufukweni peke yake na kulikuta limelala mchangani, maji yamelikimbia, mapezi bado yanapishana polepole kutafuta bahari. Anachota maji kwa mikono na kulimwagia kichwani. Andika, bila maelezo yoyote na bila kurudi nyuma tena: Akafumbua jicho.