"Let" hiyo siyo "let" hii

Juzi nimeambiwa tena, safari hii na mfasiri mwenzangu, kwamba Kiingereza hakina msimamo: eti "let" zamani ilimaanisha kuzuia na leo inamaanisha kuruhusu, kwa hiyo neno limejipindua. Hapana! Hayo ni maneno mawili, na moja limekufa.

Kiingereza cha Kale kilikuwa na kitenzi "lǣtan", yaani kuacha au kuruhusu, na kando yake "lettan", yaani kuchelewesha, kuzuia. Hicho cha pili kinatokana na "læt", kivumishi cha kitu kinachokwenda polepole, ambacho ndicho kilichozaa "late". Irabu zilitofautiana, na hata wakati uliopita kila kimoja kiliunda kivyake. Baadaye sauti zikasogeleana mpaka vyote viwili vikawa "let". Sisi tuna kaa la moto na kaa wa baharini, na hakuna anayedai mmoja ametokana na mwenzake.

Ushahidi ninaoutegemea ni Biblia ya Mfalme James, ya mwaka 1611. Katika 2 Wathesalonike 2:7 imeandikwa "he who now letteth will let". Msomaji wa leo anamwona mtu anayeruhusu, na maana yote ya mstari inageuka. Fungua Biblia ya Kiswahili: yuko azuiaye. Katika Warumi 1:13 Paulo anasema "was let hitherto": alitaka kwenda Roma akazuiliwa. Lakini Biblia hiyohiyo, katika Mwanzo 1:3, ina "Let there be light". Sasa niambieni, neno lilijipindua lini, kati ya Mwanzo na Warumi?

Mabaki ya "let" ya kuzuia bado yapo. Pasi ya Uingereza inaomba mwenye pasi apite "without let or hindrance", yaani bila kuzuiwa. Kibao cha "to let" mlangoni, yaani nyumba inapangishwa, ni cha ile nyingine, ya kuruhusu.

Kwa nini ya kuzuia ilikufa? Jibu la kawaida ni kwamba lugha haivumilii maneno mawili yanayofanana umbo na kupingana maana. Mimi jibu hilo halinitoshi. "Cleave" ya kuambatana na "cleave" ya kupasua pia ni vitenzi viwili vilivyogongana, na kamusi bado zinavyo vyote. Isitoshe, wanaisimu wengi wanaamini kwamba "lǣtan" na "læt" vinatoka kwenye mzizi mmoja wa kale sana, wenye maana ya kulegeza. Kwa hiyo huko mbali kabisa undugu upo. Ila ni undugu wa enzi ambazo Kiingereza chenyewe hakijakuwapo, na hauwezi kumwokoa anayedai kwamba neno liligeuka baada ya Biblia ya 1611.

Mkitaka neno lililohama kweli, chukueni "prevent". Katika 1 Wathesalonike 4:15 ya Biblia hiyo ni kutangulia, kama Kilatini "praevenire". Atanguliaye humfungia njia anayemfuata, ndiyo maana leo ni kuzuia. Hilo ni neno moja, kidahizo kimoja, yaani ingizo moja la kamusi. "Let" ina viwili; hesabuni kabla ya kubishana nami.