Ukurasa Unaojisasisha Usimmalizie Mgonjwa Bando

Mgonjwa yuko kwenye matatu, Thika Road, anatazama foleni ya kliniki simuni. Nambari yake ni 48. Anayehudumiwa ni 31. Punde 31 inageuka 32. Hajagusa kitu, wala ukurasa haujafunguka upya. Kivinjari ndicho kilichoiuliza seva swali dogo kimyakimya, kikapewa nambari, kikaibandika mahali pake. Ufundi huu uliingia katika kivinjari cha Internet Explorer 5 mwaka 1999, na mwaka 2005 Jesse James Garrett akaupa jina Ajax.

Wanafunzi wetu wa programu hapa Nairobi hupenda kuufanya ukurasa uiulize seva kila sekunde 5. Hebu tupige hesabu: hayo ni maombi 12 kwa dakika, 720 kwa saa. Watu 1,000 wakiufungua ukurasa, seva inapokea maombi 200 kila sekunde, mengi yakijibiwa yaleyale. Na hata ombi linalorudi mikono mitupu limekula bando la mgonjwa. Kwa foleni inayosogea kila dakika kadhaa, sekunde 30 zinatosha kabisa.

Kosa linaloniuma zaidi ni la setInterval, amri ya JavaScript inayorudia kazi kila baada ya muda uliopangwa, kwa sababu haingoji jibu. Mtandao ukiyumba, ombi la pili linatoka kabla la kwanza halijarudi, la tatu linafuata, yanarundikana. Mbaya zaidi, jibu la zamani laweza kuchelewa likafika baada ya jipya, na mgonjwa aliyeona 34 akarudishiwa 33. Atajuaje aamini ipi? Tumia setTimeout, inayofanya kazi mara moja tu baada ya muda uliopangwa, uiwashe tena pale tu jibu linapofika au linaposhindikana. Likishindikana, refusha muda: sekunde 30, kisha 60, kisha 120. Seva iliyolemewa inahitaji kupumua.

Ukitumia ETag, alama inayotambulisha toleo la maudhui, seva isiyo na jipya hujibu 304, yaani “hakuna kilichobadilika”, bila kurudia maudhui. Mtu akihamia kichupo (tab) kingine, document.hidden, sifa ya JavaScript inayoonyesha kama ukurasa umefichika, itakujulisha; sitisha maombi, kisha uliza mara moja akirudi. Na tafadhali, usiguse kamwe kisanduku ambacho mtu anaandika ndani yake.

Wenye mifumo yenye nywila wana jambo la ziada. Seva nyingi hufunga kikao cha mtu aliyekaa kimya, lakini maombi haya yanayojituma yenyewe huhesabiwa kana kwamba bado yupo. Aliyesahau kutoka kwenye akaunti yake pale saiba anaiacha wazi kwa atakayeketi baada yake. Kwa hiyo seva ipime ukimya kwa kile mtu alichobofya au kuandika mwenyewe, na maombi yanayojituma yenyewe yasihesabiwe.