Chini ya ukuta wa Pevensey

Mtu akifika Pevensey, pwani ya kusini ya Uingereza, huinua macho. Ukuta wa ngome ya Kirumi bado umesimama, mahali pengine hadi mita 8, na unene wake chini unapita mita 4. Sisi wanaakiolojia tunaochimba kuta za namna hii huanza kwa kuinama. Ukuta wenyewe, hata uutazame kutwa nzima, hausemi ulijengwa lini. Msingi ndio unaosema.

Zamani hizo ngome ilikuwa kwenye rasi, bahari na tope vimeizunguka. Waashi walichimba mtaro, wakapigilia magogo mafupi ya mwaloni, wakashindilia chaki na mawe ya gumegume, kisha wakalaza fremu ya boriti kabla ya kuanza kupandisha ukuta. Aliyekulia kwenye nyumba za mawe za Lamu amezoea kuona boriti darini. Hapa zililazwa chini, ziushike ukuta usipasuke ardhi inapotitia. Boriti zilioza na kuacha nafasi tupu za umbo lake, lakini magogo yaliyozama topeni yalisalia, kwa sababu pasipo hewa vijidudu vya kuozesha mbao havifanyi kazi.

Magogo hayo yalichimbuliwa mwaka 1994, na kwangu hakuna ugunduzi wa maana kuuzidi pale. Mwaloni huongeza pete moja kila mwaka: mwaka mzuri pete pana, mwaka wa shida pete nyembamba. Unalisafisha gogo kwenye mkato, unapima pete moja moja chini ya hadubini, kisha unalinganisha mfuatano wake na ule wa miti ambayo umri wake unajulikana. Gome likiwepo, unapata mwaka wenyewe ambao mti uliangushwa. Lisipokuwepo, inabidi kukadiria pete zilizopotea, na ndiyo maana jibu la Pevensey lilikuja kama kipindi: kati ya mwaka 280 na 300 baada ya Kristo. Sarafu za Carausius na Allectus, watawala waasi wa Britania (Uingereza ya Kirumi), zilizopatikana kwenye msingi zilikaza jibu hilohilo. Kwa kuwa Allectus alishika madaraka mwaka 293, sarafu yake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Nalisisitiza hili kwa sababu Pevensey iliwahi kutiwa uongo. Mwaka 1907 Charles Dawson, mpenda mambo ya kale asiye mtaalamu, alionyesha matofali yenye mhuri HON AUG ANDRIA, akidai yametoka pale; HON AUG ilisomwa kama jina la Honorius. Kwa mhuri huo, wasomi wakaamini kuwa kuta zilikarabatiwa wakati wa mfalme Honorius, karibu miaka 100 baadaye. Mwaka 1973 vipimo vya kujua udongo ulichomwa lini vilionyesha kuwa matofali hayo yalitengenezwa karibu na siku zile zile yalipodaiwa kupatikana. Dawson ndiye yule yule wa fuvu la bandia la Piltdown, lililodaiwa kuwa la binadamu wa kale. Inaniuma, maana tofali lililotolewa ardhini bila rekodi ya tabaka lake halina ushahidi wowote, hata likiwa la kweli.

Tarehe ya magogo na sarafu inabadilisha swali la ngome ilimlenga nani. Vitabu vingi huita Pevensey na ngome nyingine za aina yake ngome za Pwani ya Wasaksoni, jina linalotoka kwenye orodha ya vyeo vya Kirumi iliyoandikwa karibu na mwaka 400. Kwa hiyo wengi huwafikiria Wasaksoni tu, maharamia waliotoka ng'ambo ya bahari. Lakini Carausius alikuwa kamanda wa majini aliyeasi na kujitangaza mfalme wa Britania. Allectus alimuua, akatawala hadi 296. Adui aliyewanyima usingizi wote wawili alikuwa Roma yenyewe, na mimi naamini Pevensey ilijengwa kwa hofu hiyo. Hata ukutani utaona mistari ya wima ambapo kipande cha kundi moja la waashi kinakutana na cha kundi jingine, safu za mawe zikipishana. Makundi yalifanya kazi kwa pamoja, kila moja na kipande chake, na wajenzi hufanya hivyo wanapotaka kazi iishe mapema.

Roma ilikuja kweli, mwaka 296. Meli za Allectus zilikuwa zikivizia karibu na kisiwa cha Wight, lakini ukungu ulitanda baharini, na jeshi la Asclepiodotus, kamanda wa Roma, likapita bila kuonekana, likashuka pwani na kuchoma meli zake lenyewe. Allectus aliuawa vitani, nchi kavu.