Kwenda Angel Island: namna ya kupanga siku ili uzifikie kuta zenye mashairi

Wengi wanaokwenda Angel Island, kisiwa kilichomo ndani ya ghuba ya San Francisco, hurudi bila kukiona kilichowapeleka: kituo cha zamani cha uhamiaji, ambako Wachina waliozuiliwa walichonga mashairi kwenye kuta za mabweni. Feri huwashusha Ayala Cove. Hapo wanakuta kituo cha wageni, wanasoma vibao viwili vitatu, wanakula, wanapiga picha za bahari, kisha wanapanda feri ya kurudi. Jengo lile ni la kituo cha zamani cha karantini, kilichoanza 1891, na hakikuwa ndicho walichozuiliwa Wachina. Wengine hukosea kwa kupitiliza. Wanafuata barabara inayozunguka kisiwa hadi upande wa mashariki, wanakuta majengo makubwa ya jeshi yaliyobaki magofu, wanadhani ndiyo mabweni ya wahamiaji. Hiyo ni Fort McDowell. Kituo cha uhamiaji kipo katikati ya sehemu hizo mbili, kwenye kihori kinachoitwa China Cove, na kimejificha chini ya barabara.

Kwa hiyo panga safari kwa kuanzia mwisho: saa ya feri ya mwisho kwanza, halafu saa za mabweni, na saa ya kuondoka mjini iwe ya mwisho kuamuliwa. Kisiwa ni hifadhi ya jimbo la California na hufunguliwa kila siku, lakini makumbusho yana saa zake, ni chache, na kuna siku za wiki hayafunguliwi kabisa. Feri nazo hupungua majira ya baridi. Thibitisha ratiba zote mbili kwa wiki hiyohiyo unayokwenda. Ratiba ya mwaka jana imeshawafikisha watu wengi mbele ya mlango uliofungwa.

Feri huondoka San Francisco kwenye Ferry Building, na nyingine huondoka Tiburon, mji mdogo wa ng'ambo ya kaskazini, ambako kuvuka ni kama robo saa tu. Ukiwa na gari, Tiburon ni karibu zaidi na kisiwa. Usipokuwa nalo, anzia San Francisco. Chukua feri ya kwanza ya siku. Hesabu yangu ni hii: kutembea kwenda dakika 40, mabweni saa moja na nusu, hospitali ya zamani ya kituo saa moja, kupumzika na kula nusu saa, kurudi dakika 50. Hiyo ni saa nne na nusu kati ya kushuka na kupanda, bila kuongeza kilima wala picha. Kurudi nimekupa muda zaidi makusudi, kwa sababu njia ya kwenda China Cove humalizikia kwa mteremko mkali, na mteremko huo utaupanda ukiwa umechoka.

Kutoka gatini kuna ngazi zaidi ya 100 za kukutoa Ayala Cove hadi kwenye barabara ya kuzunguka kisiwa. Asiyeweza ngazi afuate njia ya baiskeli, ambayo ni ndefu lakini laini. Ukifika barabarani pinda kushoto. Kuanzia gatini hadi mabweni ni kilomita 2 na ushee. Magari ya wageni hayaruhusiwi kisiwani, ila misimu mingine kuna basi dogo la kulipia linalofika kituoni. Kama unakwenda na mzee au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, piga simu kabla na uulize kuhusu usafiri, usingoje kuuliza gatini. Mbwa hawaruhusiwi. Beba maji na chakula, kwa sababu kule mabwenini hakuna mgahawa. Vaa nguo za tabaka hata Julai: ukungu wa ghuba ile ukiingia na upepo, jua la asubuhi utalisahau. Na usichezee feri ya mwisho. Kisiwani hakuna hoteli, na nafasi za mahema huwekwa mapema.

Sasa kilichomo ndani. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini. Walioruhusiwa walikuwa wachache: wafanyabiashara, wanafunzi, walimu, wanadiplomasia na wasafiri, pamoja na watoto wa raia. Kisha tetemeko na moto wa 1906 viliteketeza hati za kuzaliwa za San Francisco. Mchina aliyekuwa tayari nchini aliweza kudai kwamba alizaliwa humo, na asiwepo wa kumpinga kwa hati. Akishatambuliwa kuwa raia, kila arudipo kutoka China alitangaza mtoto aliyezaliwa kijijini, wa kweli au wa kuandikwa tu. Nafasi za watoto wa kuandikwa ziliuzwa. Hao ndio walioitwa wana wa karatasi.

Kituo kilifunguliwa Januari 21, 1910. Kabla yake Wachina walizuiliwa kwenye banda la kampuni ya meli, bandarini San Francisco, ambako ilikuwa rahisi kupenyezewa habari na rahisi kutoroka. Kisiwa kilikata vyote viwili. Hadi kilipofungwa 1940, watu wapatao nusu milioni kutoka nchi kama 80 walipitia hapo. Watalii huambiwa kwamba hii ni Ellis Island ya magharibi, yaani mwenzake wa kituo cha wahamiaji cha New York. Mlinganisho huo siupendi. Ellis Island wengi walipita kwa saa chache. Hapa Mchina alikaa wiki au miezi, na mwanamke aitwaye Quok Shee alikaa karibu miaka miwili, kuanzia Septemba 1916 hadi Agosti 1918.

Kabla ya kuingia mabwenini jipe zoezi moja. Fikiria nyumba ya kwenu, ile ya babu na bibi, na ujibu: mlango unatazama upande gani? Kuna ngazi ngapi hadi mlangoni? Kisima kiko wapi? Nyumba ya tatu katika safu ya pili anakaa nani, na ana watoto wangapi? Chombo cha kuwekea mchele huwekwa wapi? Maswali ya namna hii yaliulizwa kwa siku mbili, tatu au zaidi. Upande mmoja walikaa wakaguzi, karani na mkalimani, na mkalimani alibadilishwa ili asiweze kula njama na anayehojiwa. Baba au ndugu alihojiwa peke yake kwa maswali hayohayo, kisha majibu yakalinganishwa. Yakipishana, ombi lingeweza kukataliwa na mtu akarudishwa. Kwa hiyo hata mtoto wa kweli alilazimika kukariri. Vijitabu vya majibu vilisomwa melini na kutupwa baharini kabla ya kutia nanga. Vikaratasi vingine vilipenyezwa baadaye na wapishi Wachina wa kituo, na kuwafikia wenyewe kupitia chama cha wazuiliwa kilichoundwa 1922. Mtu asiyelijua hili huyaona mabweni kama vyumba vitupu vyenye vitanda vya ghorofa tatu.

Mashairi yenyewe si rahisi kuyaona, na hapa ndipo wageni wengi wanapovunjika moyo. Yaliandikwa kwanza kwa brashi ya wino, na wakubwa wa kituo wakaagiza kuta zipakwe rangi. Wazuiliwa wakaanza kuchonga. Mafundi wakaziba michongo kwa puti na kupaka rangi tena, mara nyingi. Matabaka hayo yaliyokusudiwa kufuta ndiyo yaliyoukinga mti usioze. Ukisimama mbele ya ukuta utaona rangi yenye mikunjo tu. Sogea pembeni, kichwa karibu na ukuta bila kuugusa, utazame kwa mshazari kuelekea dirishani. Mwanga wa ubavuni hujaza kivuli kwenye mfereji wa kila mchongo, na herufi zinatokea. Waliotazama michoro ya majahazi kwenye lipu ya magofu ya Gedi wanaijua mbinu hii. Usitumie flashi ya mbele: huua kivuli chote. Piga picha kwa mshazari, kisha uongeze ukolezi wa kivuli nyumbani.

Husomwa kutoka juu kwenda chini, safu ya kulia kwanza. Mengi yana mistari minne au minane, na kila mstari una herufi 5 au 7. Kwa kuwa kila herufi ni silabi moja, hiyo ni mizani 5 au 7 kamili. Mstari wa mizani 7 hukatika 4 na 3, wa mizani 5 hukatika 2 na 3, kama ukwapi na utao wetu, na vina huangukia mistari ya shufwa. Waandishi walikuwa wanakijiji wa delta ya Mto Pearl, kusini mwa China, wengi wao vijana, na bado walishika kanuni za utungaji wa enzi ya nasaba ya Tang ya China, karne nyingi kabla yao. Wengi hawakutia jina. Utakutana mara kwa mara na herufi mbili 木屋, kwa Kikantoni muk uk, yaani nyumba ya mbao. Ndilo jina walilolipa jengo ulilosimama ndani yake.

Kuta hazina yote. Smiley Jann, aliyezuiliwa 1931, alinakili mashairi 92, na Tet Yee, 1932, alinakili 96, na baadhi yamebaki katika nakala hizo tu. Na hutapata ukuta wa wanawake. Wao walilazwa katika jengo la utawala, lililoungua Agosti 12, 1940. Lolote waliloliandika kwenye kuta zile liliungua nalo. Nenda usimame pale palipokuwa jengo hilo, panapo jiwe la ukumbusho la itale. Watu hupita hapo haraka wakienda kwenye kengele ya gati.

Hospitali iache ya pili. Ilifunguliwa kama makumbusho 2022, ina maelezo mengi ya kusoma, na ukianza nayo utaingia mabwenini macho yamechoka. Huko ndiko wazuiliwa walikopimwa kinyesi kutafuta safura na minyoo bapa ya ini, magonjwa yaliyotumika kuwarudisha watu wa Asia. Vyumba vilitengwa kwa rangi ya ngozi.

Kama haya yote yangali yamesimama leo ni kwa sababu ya mlinzi wa hifadhi, Alexander Weiss, aliyeyaona maandishi 1970, wakati majengo yakisubiri kubomolewa. Alimwita profesa George Araki wa chuo kikuu cha San Francisco State, na mpigapicha Mak Takahashi akazipiga kuta picha. Mwaka 1976 jimbo lilitoa dola 250,000, na mabweni yakafunguliwa kwa umma 1983.

Ukiwa na siku ya pili mjini, nenda makumbusho ya Chinese Historical Society of America, 965 Clay Street, Chinatown, ndani ya jengo la 1932 lililosanifiwa na Julia Morgan. Na mwenye ukoo uliopita kituoni aende San Bruno, kusini mwa San Francisco, yaliko majalada ya mahojiano kwenye tawi la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Weka miadi kabla. Peleka jina, meli na tarehe ya kuwasili, na uandike majina yote mawili, la karatasi na la nyumbani, kwa sababu jalada linaweza kuwa chini ya jina ambalo familia iliacha kulitamka zamani.