Je, wajua kwa nini faili za Mau Mau zilifichwa Uingereza hadi 2011?

Mwaka 2009 wazee wa Kenya, wanaume kwa wanawake, walifungua kesi London wakidai fidia kwa mateso waliyopata katika kambi za kizuizini za Waingereza miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau. Mwanahistoria David Anderson alieleza mahakama kwamba masanduku 300 hivi, yenye faili zipatazo 1,500, yalisafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi karibu na uhuru. Serikali ya Uingereza ilipotafuta tena, mapema 2011, ikayakuta Hanslope Park, kituo cha siri cha serikali hiyo nchini Uingereza, pamoja na maelfu ya faili za makoloni mengine.

Yalifikaje huko? Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza serikali mpya zisiachiwe karatasi zinazoweza kuiaibisha Uingereza, au zinazoweza kuwafichua watoa habari wake. Faili nyeti zilipigwa muhuri wa herufi W, na Waafrika hawakuruhusiwa kuzigusa. Nyingine zilichomwa, maelekezo yaliruhusu hata kuzifunga kwenye makasha mazito na kuzizamisha baharini, mbali na pwani.

Kuwalinda watoa habari si kisingizio. Mtu aliyewachongea jirani zake kwa polisi mwaka 1954, jina lake likitajwa leo, wanaonyooshewa vidole kijijini ni wajukuu zake. Jina kama hilo lina haki ya kufunikwa kwa muda, huku ukurasa uliobaki ukisomwa. Ila Macleod aliitia aibu ya serikali katika kapu hilohilo, na waliokuwa wakiamua kipi kifichwe ndio haohao wenye aibu. Hapo ndipo penye kosa. Mwaka 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana Evelyn Baring kuhusu kuwapiga wafungwa: kama tutatenda dhambi, basi tuitende kimyakimya. Barua ya namna hiyo hailindi usalama wa mtu yeyote. Inamlinda aliyeiandika.

Juni 2013 William Hague, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wakati huo, aliliambia Bunge kwamba Uingereza inajutia mateso hayo, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Faili zenyewe sasa ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, fungu FCO 141, na yeyote anaweza kuomba kuzisoma. Zilizochomwa, baadhi zimebakiza vyeti tu: karatasi ambayo ofisa alitia saini kuthibitisha kwamba ameziteketeza.